Fungua Bandeji Nione

Katika wodi ya watoto niliyoanzia kazi miaka ya 1980, heshima yote ilikwenda kwa anayejua kupata mshipa. Wetu tulimwita Fundi. Alikuwa muuguzi mwanamume, mrefu, mkimya, na sifa zake zilivuka ukuta wa hospitali zikafika sokoni. Akiletwa mtoto aliyekauka kwa kuharisha, macho yamezama, mishipa imelala, sisi tumechoma mkono hola, mguu hola, basi hutumwa mtu mbio nyumbani kwa Fundi hata usiku wa manane. Huja na kandambili zake, husema taa isogezwe, hupapasa upande wa kichwa cha mtoto kwa kidole kimoja, na kabla mama hajamaliza kumtaja Mungu damu imeshaonekana kwenye kimpira. Kina mama walimletea mayai na vichane vya ndizi.

Sista wa wodi hakuletewa mayai. Yeye alikuwa mtu wa kesho yake asubuhi.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya wilaya, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Jina nitaliacha, maana wengi tuliofanya nao kazi pale bado wako hai na hawajanituma niwasemee. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, maduka matupu, sabuni ya mche inapangiwa foleni. Wodini mche mmoja ulikatwa kwa uzi vipande vidogo, kila kipande na siku yake. Bomba la maji lilikohoa hewa kuliko lilivyotoa maji, kwa hiyo tulinawa kwa jagi: mmoja anamimina, mwingine anasugua. Ukiwa peke yako zamu ya usiku, jagi nani akushikie?

Vijana wa leo wanaochana pakiti na kuchagua kanula kwa rangi, njano kwa kichanga, bluu kwa aliyekua kidogo, pinki na kijani kwa watu wazima, huenda wasiamini tulivyokuwa tukifanya. Kanula za plastiki zilikuwapo, ila zilikuwa chache na zilifungiwa kabatini. Kazi ya kila siku ilikuwa ya sindano ya kipepeo: sindano fupi ya chuma yenye mbawa mbili za plastiki na mpira mwembamba unaoungana na mpira wa dripu. Chuma hakipindi. Mtoto akigeuka usingizini, ncha inatoboa mshipa kutokea upande wa pili, maji yanaingia kwenye nyama, na asubuhi unakuta mguu umevimba. Ndiyo maana tulipenda kichwa. Kichwa cha mtoto hakina kiungo cha kukunja, na mishipa yake iko juu juu.

Lakini kichwa kilikuwa na kesi yake. Ilibidi unyoe nywele sehemu hiyo kwa wembe, na kina mama waliogopa wembe ule kuliko sindano. Pale kwetu ilisemwa kwamba mtoto akishatiwa dripu ya kichwani harudi nyumbani. Maneno hayo hayakutoka hewani: kichwa tulikifikia baada ya kushindwa kwingine kote, na mtoto aliyefika hatua hiyo alikuwa mgonjwa kweli. Waliona nywele zimenyolewa, waliona mtoto amekufa, wakaunganisha. Niliwahi kumwona bibi mmoja amemfunika mjukuu wake kwa khanga, amekaa juu ya pindo lake, anasema, "Mwanangu, nichome mimi, huyu muache na nywele zake." Sista alikaa kitandani pembeni yake, akamwamkia shikamoo, akazungumza naye habari za mashamba hadi khanga ikalegea.

Maji ya dripu yalikuja kwenye chupa za vioo. Chupa haibonyei, kwa hiyo ili maji yashuke lazima hewa iingie, na tulichomeka sindano ya pili kwenye kizibo cha mpira kuingiza hewa hiyo. Mabomba ya sindano nayo yalikuwa ya kioo, tukiyachemsha kwenye jiko la mafuta ya taa. Dakika 20 zilihesabiwa tangu maji yaanze kutokota, si tangu sufuria ibandikwe, na mtu akitumbukiza sindano nyingine katikati, hesabu ilianza upya. Kwa kurudiwarudiwa, ncha za sindano zilipinda. Tulizipitisha kwenye pamba: ikitoka na nyuzi, ujue ina kulabu, haifai kumchoma binadamu.

Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyependa kutusimulia habari za Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani ambaye mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, alijipenyeza mpira kwenye mshipa wa mkono wake wa kushoto, akausukuma hadi moyoni, kisha akatembea kwa miguu yake kwenda kupigwa picha ya eksirei. Mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Wavulana darasani walishangilia ushujaa. Sisi wasichana tulichoshika ni nesi. Bosi wake alikuwa amemkataza jaribio lile, na vifaa safi vilifungiwa. Ufunguo ulikuwa kwa nesi aliyeitwa Gerda Ditzen. Forssmann akambembeleza, nesi akakubali hata kufanyiwa yeye mwenyewe, akalala mezani, akafungwa mikono na miguu. Daktari akajifanya anampaka dawa, kumbe anajichoma mwenyewe. Mpira ulipokuwa umeshaingia ndipo akamfungua amsaidie kwenda eksirei. Tuzo haikumfikia huyo mama. Nilipofika wodini nikamkuta Sista na bunda la funguo kiunoni, nilimkumbuka Gerda, nikasema huyu wetu hafungiki mezani.

Masika ya mwaka mmoja, katikati ya miaka hiyo, wodi ilijaa malaria. Watoto wawili wawili kitanda kimoja, wengine chini kwenye mikeka. Malaria kali ilitibiwa kwa kwinini ndani ya maji ya glukosi, iingie polepole kwa saa nne, isimame, halafu ikitimia saa nane tangu ilipoanza, irudiwe. Kwa hiyo mshipa ukishapatikana ulishikiliwa kwa udi na uvumba. Kati ya dozi na dozi mpira ulifungwa, damu ikaganda mdomoni mwa sindano, na ikifika dozi nyingine kulikuwa na kishawishi cha kuchukua bomba na kusukuma. Sista alilikemea hilo kuliko kosa jingine lolote. "Unachokisukuma kinakwenda wapi? Kinakwenda moyoni na mapafuni. Ikikataa, toa."

Alikuwapo mvulana mdogo ambaye Fundi alimpatia mshipa wa mguuni kwa kanula, moja ya zile za kabatini. Boksi la dawa likakatwa kuwa banzi, likafungwa bandeji kuanzia vidole hadi chini ya goti, kazi safi inayopendeza. Siku ya tatu mtoto alikula uji akacheka. Siku ya nne homa ikarudi, anatetemeka. Damu ikapimwa, vimelea havikuonekana. Katika wodi ya malaria, hata hivyo, kila homa huitwa malaria, na kwenye raundi ilisemwa kwamba huenda maabara haikuona, kwinini iendelee.

Sista alisubiri raundi imalizike. Kisha akamwambia muuguzi aliyekuwa zamu, "Fungua bandeji nione."

Bandeji ilifunguliwa mzunguko kwa mzunguko, na kabla haijaisha tulisikia harufu. Pale kanula ilipoingilia pamekuwa pekundu, pa moto, na mstari mwekundu umepanda na mshipa kuelekea kwenye muundi. Alipobonyeza kidogo, usaha ukatoka pembeni ya plastiki. Hakugombana na mtu. Aliitoa kanula, akakandamiza kwa pamba, akaniagiza nimwite daktari arudi aone kwa macho yake. Mtoto akabadilishiwa dawa, akachomwa kwenye paja mpaka mguu ukapoa, akakaa wodini muda mrefu kuliko malaria yenyewe ingemkalisha. Aliruhusiwa akiwa hai. Masika yale yale msichana mwingine, mwenye bandeji kama ile, hakuruhusiwa. Tulimfungua mguu wakati wa kumwosha, na hali ilikuwa ile ile. Cheti chake kiliandikwa malaria kali.

Nimewaza sana juu ya cheti kile tangu nistaafu. Hatukuwa na maabara ya kuotesha vijidudu vya damu, wala fomu yenye mahali pa kuandika kwamba mtoto aliingia na ugonjwa mmoja akapewa mwingine. Kwa miaka mingi ugonjwa wa kanula ulijificha ndani ya malaria, na kama hukufungua bandeji usingeukuta popote, si kwenye takwimu wala kwenye kumbukumbu za raundi.

Tangu siku hiyo Sista aliweka taratibu zake. Bandeji zote zifunguliwe asubuhi kabla ya raundi. Juu ya plasta iandikwe tarehe kwa kalamu. Vidole vya mtoto viachwe nje ili vionekane vikivimba au vikibadilika rangi. Banzi la boksi likatwe tundu upande wa juu. Lile bakuli la pamba iliyolowekwa kwenye spiriti tangu alfajiri, kila mtu akichovya vidole ndani yake, alilimwaga mbele yetu na bakuli akalificha. Pamba ikawa inamwagiwa spiriti pale pale inapotumika. Plasta tulizozoea kukata mapema na kuzibandika ukingoni mwa toroli, zikae hapo zikikusanya vumbi na mikono ya watu, zikakatazwa. Na sindano iliyoachwa imesimama kwenye kizibo cha chupa ya maji ili kila mwenye dawa ya kuchanganya achote hapo, aliing'oa na chupa yenyewe akaipeleka sinki. Hapo tulinung'unika kweli, maana chupa zilikuwa chache. Alijibu kwamba chupa hiyo ikiingia uchafu si mtoto mmoja, ni wodi.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa kina mama. Wauguzi wawili kwa wodi iliyofurika hawawezi kuangalia kila mguu, hili alilijua. Akawa anapita kitanda kwa kitanda na kumwambia kila mzazi kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kisambaa kama ndiyo lugha ya mzazi: "Mama, hii ni kazi yako. Hapa pakivimba, pakiwa na moto, mtoto akilia ukipagusa, au maji yakitoka pembeni, usingoje raundi. Njoo univute gauni." Nao walimvuta gauni. Walimvuta akiwa anakula, akiwa anaongea na mganga mkuu, na mara moja akiwa kwenye sala. Mama ambaye hakuwahi kushika kalamu alijua kutofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa usaha. Fundi hakupenda. Aliona kina mama wamewekwa kumkagua, na ikitoka kanula yake siku ya pili alichukulia kama tusi.

Kisha UKIMWI ukaja, na ukabadilisha mikono yetu. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikitoka Uganda. Kwetu habari zilifika kama umbea wa abiria kabla hazijafika kama waraka. Hofu ilipoingia wodini, mambo mengi mazuri yalifuata. Mabomba ya kioo yaliondoka taratibu, yakaja ya kutumia mara moja na kutupa. Tukafundishwa tusirudishie kifuniko kwenye sindano iliyotumika, kwa sababu hapo ndipo wauguzi wengi walijichoma. Baadaye yakaja maboksi ya manjano ya kutupia vyenye ncha, yakijaa robo tatu yanafungwa na kwenda kuchomwa. Wauguzi walioshika sindano miaka ile wanajua usingizi wa mtu aliyejichoma jioni.

Na glavu zikaja. Hapa nitasema ninavyoona, na najua wenzangu wengine hawatafurahi. Glavu ilimlinda aliyeivaa. Muuguzi aliivaa asubuhi, akatoka nayo kwa mtoto mwenye kuharisha hadi kwa mtoto mwenye kanula, akashika kitasa, akashika faili, akashika kimpira cha dripu, mikono yake ndani safi kabisa. Zamani mtu alinawa kwa sababu alijiona mchafu. Mwenye glavu hajioni mchafu. Hata mpira wa kufungia mkono ili mshipa usimame tuliukata kwenye glavu kuukuu, ukatumika kwa mtoto baada ya mtoto. Sista alisema mara moja tu, mbele ya mgeni kutoka mkoani, kwamba tumejifunza kuwaogopa wagonjwa kabla hatujajifunza kuwalinda. Mgeni aliandika kitu kwenye daftari lake.

Mwaka 1993 ukaja mpango wa kuchangia gharama. Wodini kanula zilipokwisha, mzazi aliandikiwa karatasi akanunue duka la dawa ng'ambo ya barabara. Jambo moja ambalo hakuna mtaalamu aliyelitabiri ni kwamba kanula ya kununua haitolewi. Baba aliyeuza kuku kupata kanula, ukimwambia siku ya pili kwamba mahali pamevimba, itoke, anakuangalia kama mwizi. "Sista, si inapitisha bado?" Nimesihiwa na watu wazima niiache. Na muuguzi naye, akijua hakuna nyingine, mkono unakuwa mzito. Uzembe upo, siukatai, lakini katika wodi za nchi hii nimeona kanula nyingi zaidi zikikaa kupita muda wake kwa umaskini.

Sista alistaafu katikati ya miaka ya 1990. Alikuwa na daftari la shule, la mistari, alilokuwa akiandika kila asubuhi: kitanda namba fulani, mguu wa kushoto, siku ya ngapi, pakoje. Vilipoletwa vitabu vipya vya takwimu, vizuri, vyenye majalada magumu, havikuwa na safu ya jambo hilo, na daftari halikurithiwa na mtu.

Mengine niliyasoma nikiwa nimeshazeeka kazini. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa wa malaria kali uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika: waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa mia, waliopewa artesuneti 8.5 kwa mia. Wengine walisoma habari ya dawa. Mimi nilisoma pia kwamba kila dozi ya artesuneti inachomwa kwa dakika chache, si kwa saa nne mara tatu kwa siku. Muda ambao mtoto anakaa na mpira mwilini kwa ajili ya dawa ya malaria ulipungua sana. Mwaka 2011 watafiti wa Kilifi, Kenya, ambao maabara yao huotesha damu ya watoto wanaolazwa, wakaonyesha kwamba watoto waliopata vijidudu kwenye damu wakiwa wameshalazwa, zaidi ya nusu walifariki. Watoto kama hao, sisi kwenye vyeti vyao tuliandika jina jingine.

Na mwaka 2012 Waaustralia wakagusa amri tuliyolelewa nayo, ya kubadilisha kanula kila baada ya saa 72 hata kama haina tatizo. Waliwagawa wagonjwa 3,283 mafungu mawili: wengine walibadilishiwa kwa saa, wengine pale tu palipoonekana sababu. Waliovimba mshipa wakawa 7 kwa mia huku na huku. Kwa mgonjwa ni nafuu, anachomwa mara chache, na kwa wodi ni akiba. Ila lile neno "palipoonekana" linahitaji mtu wa kuona. Hospitali ikiacha kufuata saa bila kuweka macho, imejiondolea ulinzi wa aina zote mbili, na nimewasikia watu wakiutaja utafiti huo kama ruhusa ya kutogusa kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kanula hizi za mikononi na miguuni mwaka 2024. Nilisomewa na binti yangu, naye ni muuguzi. Aliponisomea kwamba kanula isiyohitajika tena itolewe, nilimuuliza kama wanahitaji karatasi kutoka Geneva kujua hilo. Akanijibu, "Mama, ndiyo, tunaihitaji. Bila karatasi daktari hanisikilizi."

Tuliobaki wa wodi ile tunakutana zaidi misibani. Kwenye msiba wa Sista tulikaa ukumbini na chai, nikasimulia habari ya kufungua bandeji, watu wakaitikia. Fundi alikuwepo, kichwa cheupe, vidole vile vile. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema mimi nimesahau upande wake. Kufungua bandeji kila siku, na mikono ya miaka ile, na maji ya jagi, kulitikisa kanula zilizokuwa nzima, nyingine zikatoka, na nani aliamshwa usiku kuja kutafuta mshipa mwingine kwenye mtoto ambaye hana tena mshipa? "Wewe umekaa na Sista mchana," alisema. "Mimi nilikuwa naitwa saa nane za usiku." Nikamwambia basi angekuja na asubuhi akaona usaha. Akaniambia nipishe sukari, na mabishano yakaendelea hadi gari la Korogwe likapiga honi.